Le Castellet: usalama wa mwili wa dereva uwanjani Paul Ricard, na kijiji cha juu ya kilima

Uwanja wa mbio za magari wa Paul Ricard, kusini mwa Ufaransa, karibu na kijiji cha Le Castellet, una sifa ya kusamehe. Dereva akizidiwa na kona hakutani papo hapo na kokoto wala ukuta. Anakutana na lami nyingine, pana, iliyochorwa mistari ya buluu na mingine myekundu. Gari linateleza, linapunguza mwendo, linarudi. Kwa hiyo wengi wanaokuja kuendesha siku za wazi, yaani siku ambazo mtu wa kawaida hulipia zamu na kuendesha, hulikagua gari mpaka nati ya mwisho, halafu wao wenyewe wanaingia wamejifunga ovyo. Kwenye ukaguzi wa asubuhi, kabla injini hazijawashwa, kasoro ninazozikuta zaidi haziko chini ya boneti. Ziko begani, nyongani na shingoni mwa dereva.

Uwanja wenyewe haukuwa wa kusamehe hivi tangu mwanzo. Paul Ricard, tajiri wa kinywaji cha pastis, aliufungua uwanja mwaka 1970, na mwaka uliofuata Jackie Stewart, mmoja wa madereva waliopaza sauti zaidi kudai usalama, akashinda Grand Prix ya Ufaransa ya kwanza kufanyika hapo. Ulihesabiwa kuwa miongoni mwa viwanja salama vya zama zake. Tarehe 14 Mei 1986 Elio de Angelis, dereva wa Formula 1, alikuwa akifanya majaribio na gari la Brabham BT55. Kwenye kona za kasi za Verrerie bawa la nyuma likang'oka, gari likabiringika, likavuka kizuizi na kushika moto. Kugonga kwenyewe hakukumuua: alivunjika mtulinga na kuungua kidogo. Kilichomuua ni kubanwa ndani ya gari lililopinduka, akivuta moshi, siku ambayo wahudumu wa njia walikuwa wachache kwa kuwa yalikuwa majaribio tu. Madereva wenzake walisimamisha magari na kukimbilia. Helikopta ilichukua kama nusu saa kufika. Alifariki kesho yake hospitalini Marseille, akiwa na miaka 28.

Kwa hiyo swali la kwanza la siku ni hili: nikibanwa, nani atanitoa, na baada ya muda gani? Siku ya wazi haina jeshi la wahudumu kama siku ya mashindano. Kwenye mkutano wa madereva wa asubuhi, ambao ni wa lazima, uliza gari la wagonjwa limeegeshwa wapi, kama daktari yupo au ni wahudumu wa huduma ya kwanza pekee, na vituo vipi vya bendera vina watu. Mwandaaji anayejua kazi yake anajibu bila kukuna kichwa. Anayesema “tutaona” amekwisha kujibu.

Swali la pili unajijibu mwenyewe kwa saa ya mkononi. Kanuni za magari ya mbio yenye paa zinataka dereva aliyejifunga kila kitu aweze kutoka kwa sekunde 7 kupitia mlango wake na sekunde 9 kupitia mlango wa abiria. Wa Formula 1 nao wana sekunde 7. Jaribu ukiwa umesimama, helmeti kichwani na mikono kwenye usukani. Mara ya kwanza watu wengi hupita sekunde 15, na sababu ni zilezile: waya wa redio haukuchomolewa, ukanda wa bega umenasa kwenye mkono wa HANS (kifaa cha mabegani cha kukinga shingo), au helmeti imegonga bomba la paa kwa sababu dereva aliinuka wima badala ya kuinama mbele kwanza halafu kutoka kwa bega. Panga mfuatano na usiubadilishe: zima umeme, fungua bakoli ya mikanda (kifungo cha katikati), sukuma kanda za mabega nje kwa mikono yote miwili, chomoa usukani kama unachomoka, chomoa redio, toka. Ukishaumudu, rudia ukiwa umefumba macho. Ndani ya moshi huoni kitu.

Mikanda ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mkanda wa kiunoni haukai kiunoni hata kidogo: unakaa chini, kwenye mifupa ya nyonga, ukigusa mwanzo wa mapaja. Ukipanda tumboni, siku ya kugonga unakata viungo laini. Kaza huo kwanza, kwa nguvu, ukiwa umejisukuma nyuma kabisa kwenye kiti. Fuatisha kanda za kati ya miguu. Za mabega ziwe za mwisho. Wengi huanza na mabega kwa sababu ndiyo rahisi kuvuta, na kila wakivuta, bakoli inapanda juu na kuuburuta mkanda wa nyonga hadi tumboni. Bila kanda za kati ya miguu mwili huchuruzika chini ya mkanda, kwa hiyo mikanda ya pointi nne inayouzwa kama pambo iache dukani.

Tazama pia kanda za mabega zinaelekea wapi nyuma ya kiti. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hairuhusu zishuke zaidi ya digrii 45 kutoka usawa, na inapendekeza zisizidi 10; ukitumia HANS, kati ya 10 na 20 ni sawa. Zikishuka sana hadi sakafuni, nguvu ya kugonga inaukandamiza uti wa mgongo kwenda chini. Nimeshaona gari lenye kiti cha thamani kubwa na mikanda iliyofungwa kwenye tundu la mkanda wa abiria wa nyuma. Kiti hakisaidii kitu hapo. Na lebo isomwe: mikanda ina mwaka wa mwisho wa kutumika, na mkanda uliowahi kuzuia mtu kwenye ajali hautumiki tena hata kama unaonekana mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimeshanyooka. Huku kwetu Afrika Mashariki vifaa vya mtumba vinapita mikono mingi kabla ya kufika kwenye rali. Lebo iliyokatwa ni sababu ya kutosha ya kuacha kununua, bei iwe nzuri vipi.

Jambo moja linawashangaza wageni. Mikanda ya pointi sita kwenye gari la kawaida lisilo na kizimba cha mabomba inaweza kukuumiza kuliko mkanda wa kiwandani. Gari likipinduka paa linabonyea, na wewe umefungwa wima huwezi kuinamia pembeni. Ama kizimba, kiti na mikanda vikae pamoja, ama baki na mkanda wa pointi tatu pamoja na mikoba ya hewa iliyokuja na gari. Mabomba ya kizimba yaliyo karibu na kichwa yavikwe pedi ngumu za FIA. Sponji laini ya bomba la maji unaibonyeza kwa kidole, na helmeti itaipita vivyo hivyo.

HANS ilibuniwa Marekani miaka ya 1980 na Robert Hubbard pamoja na Jim Downing, ikawa lazima katika Formula 1 mwaka 2003. Kazi yake ni kuzuia kichwa kisiende mbele peke yake wakati mabega yameshazuiwa na mikanda, maana hapo ndipo mfupa wa chini ya fuvu huvunjika. Haifanyi kazi na mkanda wa pointi tatu, kwa kuwa inahitaji kanda mbili za mabega kuikandamiza. Kwa mkanda wa kawaida kuna vifaa vya aina nyingine vilivyobuniwa mahususi. Kila HANS ina pembe yake kulingana na kiti kilivyolala: 20 ni ya kiti cha kawaida cha gari lenye paa, 30 ni ya kiti kilicholala zaidi. Ukivaa isiyo yako, mgongo wake unagusa kiti na shingo inasukumwa mbele mchana kutwa. Ukishajifunga, mtu mwingine atazame kwa macho kama kanda zimelala kamili juu ya mikono ya kifaa, upana wote. Wewe mwenyewe huoni pale. Ukanda ukining'inia ukingoni utachomoka siku ya kugonga, na kifaa kitageuka fimbo ya plastiki shingoni.

Helmeti ya pikipiki haikubaliki. Ya magari ina kitambaa cha ndani kisichoshika moto na imepimwa kwa kugonga mabomba. Tafuta lebo ya Snell SA (kiwango cha Marekani cha helmeti za magari) au ya FIA iliyobandikwa ndani chini ya kitambaa. Pima kichwa kwa utepe, sentimita kama mbili na nusu juu ya nyusi. Ukiivaa, funga mkanda wa kidevu na ujaribu kuizungusha: ngozi ya paji la uso na mashavu iende nayo. Kisha mwenzako aivute kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikitoka, au ikifika machoni, ni kubwa. Stika zenye gundi kali na rangi za kupuliza zinaweza kudhoofisha ganda, na helmeti iliyowahi kuanguka sakafuni kwa kishindo ipelekwe ikaguliwe au iachwe.

Nguo ni somo la Bahrain 2020. Romain Grosjean, dereva wa Formula 1, aligonga reli kwa mwendo wa kama kilomita 192 kwa saa, gari likakatika vipande viwili, akatoka kwenye moto baada ya sekunde 28 hivi. Halo, upinde wa chuma ulio juu ya kiti cha dereva, ilikinga kichwa, ovaroli ikakinga kiwiliwili, na mikono ndiyo iliyoungua zaidi. Glavu zisichukuliwe kuwa nyongeza. Ovaroli ya kiwango cha FIA 8856-2018 inahitaji fulana na suruali ya ndani, soksi na kifunika uso vya kiwango hichohicho, kwa sababu hewa iliyoko kati ya tabaka ndiyo inayochelewesha joto. Ikikubana huna hewa hiyo. Sehemu ya chini ya kifunika uso iingie ndani ya fulana, na vikuku vya glavu vifunike mikono ya ovaroli. Jina na nembo zishonwe kwa uzi usioshika moto na kwenye tabaka la nje pekee. Fundi wa mtaani akitumia uzi wa poliesta na kupitisha sindano hadi ndani, amekutengenezea njia ya moto. Fua peke yake kwa maji ya uvuguvugu, bila dawa ya kung'arisha wala ya kulainisha, na uanike kivulini.

Siku za wazi za magari ya barabarani haziulizi ovaroli. Hapo vaa pamba: mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vya kufunika. Jezi ya mpira ya poliesta ndiyo nguo mbaya kuliko zote kwa kazi hii, kwa kuwa haiungui tu, inayeyuka na kuganda ngozini.

Kwenye gari nitapita haraka. Mafuta ya breki yenye unyevu huchemka mapema: DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta hayo) mpya inatakiwa ivumilie angalau digrii 230, lakini ikishanyonya unyevu kiwango hushuka hadi 155; kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Kama hujui yalibadilishwa lini, badilisha kabla ya kuja. Pedi ziwe zimebaki nusu au zaidi. Nati za magurudumu kaza kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari, na rudia baada ya zamu ya kwanza, magurudumu yakishapoa. Pete ya kuvutia gari ifungwe na ipakwe rangi kali. Swichi ya nje ya umeme ina alama ya radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu. Ya mtungi wa kuzimia moto ni herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe. Pini ya usalama ya mtungi hutolewa kabla ya kuingia njiani, na ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote garini.

Sasa njia yenyewe. Ile lami ya mistari ilikuja baada ya kampuni ya Bernie Ecclestone, bosi wa Formula 1 wakati huo, kuununua uwanja mwaka 1999 na kuugeuza kuwa wa majaribio. Mzunguko kamili ni kilomita 5.842, na kuna namna zaidi ya 160 za kuunganisha vipande vyake, kwa hiyo hakikisha ramani unayoisoma usiku ndiyo itakayotumika asubuhi. Mstari wa buluu una ukali wa wastani. Mwekundu, ulio mbali zaidi, ni mkali kama tupa na unakula tairi. Ukitoka njiani, nyoosha usukani kwanza, kisha ndipo ukanyage breki. Anayekanyaga huku amekata usukani anazunguka, na akifika kwenye mwekundu tairi za nje zinashika ghafla na kumtupa upande asioutarajia. Usirudi njiani kwa pembe kali. Endelea sambamba, tazama vioo, na ingia pale wahudumu walipoonyesha. Baada ya kugusa mwekundu maliza mzunguko polepole uingie piti, eneo la kuhudumia magari: pitisha kiganja juu ya tairi kila upande utafute sehemu iliyolika bapa. Mtetemeko wa tairi ya aina hiyo kwenye Mistral, mstari ulionyooka wa kilomita 1.8, hauna mchezo, kwa kuwa mwisho wake ni Signes, kona ya kulia ya mwendo mkali kuliko zote.

Na lami pana ina kasoro yake. Inamsaidia mwenye breki. Breki zikiisha, kokoto lingelimeza gari na kulisimamisha. Lami inalipitisha hadi kwenye vizuizi. Hata breki zikiwa nzima, nafasi ina mwisho. Mwaka 2022 Charles Leclerc alikuwa anaongoza mashindano ya Formula 1 hapa alipoteleza kwenye kona ya Beausset, akavuka mistari yote na kujipigilia kwenye ukuta wa matairi. Alitoka mzima. Yeye alikuwa amefungwa vizuri.

Joto ndilo adui asiyeonekana. Julai na Agosti eneo hili la Var hupita digrii 30 kwa urahisi, na ndani ya gari la mbio ni zaidi sana. Tangu 2025 FIA inatangaza hatari ya joto katika Formula 1 makadirio yakipita digrii 31. Dereva wa siku ya wazi hana wa kumtangazia. Anza kunywa maji jioni ya jana yake. Yale ya kugugumia dakika tano kabla ya zamu yatakutafutia choo tu. Ukichelewa kukanyaga breki mahali ulipokanyaga vizuri asubuhi, au ukianza kukosea gia, mwili umechoka, na zamu imeisha hata kama umeilipia.

Hapa ndipo kijiji kinapoingia. Usilale Marseille ukaamka saa kumi alfajiri, ingawa mji huo wenye Wangazija wengi unamvuta mtu wa pwani. Barabara moja kuu ndiyo inayopanda kutoka Aubagne kwenda uwanjani, na Grand Prix iliporudi mwaka 2018 msongamano wake ulikuwa gumzo. Lala Le Castellet kwenyewe au La Cadière-d'Azur, kijiji kinachokitazama kutoka kilima cha pili. Kutoka hapo uwanja uko mbali kwa dakika kama 20.

Le Castellet ni kijiji cha enzi za kati, kimekaa juu ya kilima ndani ya kuta zake, na chini kote ni mizabibu ya Bandol. Gari linabaki kwenye maegesho ya kulipia nje ya kuta, kisha unapanda kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba, vimetandikwa mawe, na mafundi wa ufinyanzi na ngozi wana maduka humo. Nenda hadi mwisho wa ukuta, kwenye uwazi uitwao Trou de Madame. Ukichungulia unaona bonde lote la mizabibu na safu ya milima ya Sainte-Baume nyuma yake. Jioni, baada ya saa kumi na mbili, mabasi ya watalii yameshaondoka na mawe yameanza kupoa.

Panda siku ya kuwasili au baada ya kuendesha, kamwe si mchana wa kati ya zamu mbili. Mlima ule juani unakula mashavu ya miguu, na ndiyo yanayokanyaga breki. Usiende na viatu vya mbio pia: soli yake ni nyembamba, mawe yanaitoboa, na vumbi na mafuta ya maegeshoni yanashika kwenye mpira. Kesho yake mguu unateleza kwenye pedali. Hata uwanjani, futa soli kwa kitambaa kikavu mlangoni mwa gari kabla ya kuingiza mguu.

Ukishuka kutoka uwanjani kwenda kijijini na gari lilelile, kuna mambo mawili. Upepo uliopunguza wakati tairi zina moto utakuwa chini mno zikipoa, kwa hiyo jaza hadi kipimo cha barabarani kabla ya kuondoka. Na breki zikiwa bado za moto usivute hendibreki. Pedi zinaweza kugandia kwenye diski. Weka gia na tegesha kabari, maana maegesho ya kilimani yana mteremko.

Leseni yako kama haiko kwa Kifaransa, beba ya kimataifa au tafsiri rasmi. Mwenye ya Kongo amepona hapo. Bima ya kawaida ya gari mara nyingi haigusi kitu kinachotokea uwanjani. Soma mkataba, nunua ya siku hiyo. Jikoni za mikahawa hapa hufungwa baada ya chakula cha mchana, kama saa nane hivi, na hazifunguki tena mpaka usiku, kwa hiyo anayemaliza zamu saa tisa akitegemea kula kijijini atakuta viti vimepinduliwa. Kikomo cha pombe barabarani Ufaransa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na 0.2 kwa mwenye leseni changa. Uwanjani kwangu ni sifuri, kuanzia jioni ya jana yake. Anayependa divai ya Bandol anunue chupa. Nyekundu yake hukaa kwenye mapipa ya mbao angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa, lakini saa mbili ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani zinatosha kuiharibu. Asiyekunywa achukue mafuta ya zeituni, nayo yafungwe kwenye taulo ndani ya mfuko wa helmeti, baada ya helmeti kutolewa.